Diski ya Mzinduzi Mkuu

Katika nchi ninayoieleza hapa, kitu kilichozinduliwa hakiharibiki. Hili si jambo la imani. Ni kifungu cha sheria, na nimekisoma. Kinasema kwamba chombo, jengo au mradi wowote uliozinduliwa na Mkuu wa Nchi unaweza kuwa katika mojawapo ya hali tatu: unafanya kazi, unapumzika, au umehujumiwa. Hali ya nne haikuandikwa, na wanasheria wa huko wanakubaliana kwamba isiyoandikwa haipo.

Raia wamezoea. Kisima cha wilaya ya kaskazini, kilichozinduliwa kwa ngoma na mabango, kinapumzika tangu wiki ile ile, na akina mama hukipita kwa adabu na ndoo zao wakielekea mtoni. Daraja la mashariki nalo limelala ndani ya mto, na mamlaka ya barabara imesimamisha kibao kinachowaomba wasafiri wasilisumbue. Hakuna anayelalamika, kwa sababu ukisema kitu kimeharibika unaulizwa swali moja tu: nani kakihujumu? Kama huna jina la kutaja, la kwako linatosha.

Mkuu wa nchi hiyo anaitwa Mzinduzi Mkuu. Zamani cheo chake kilikuwa na jina jingine, lakini washauri walipendekeza libadilishwe ili lilingane na ratiba yake.

Miongoni mwa vitu alivyozindua ni kompyuta ya Masjala Kuu ya Watumishi wa Umma. Kompyuta hiyo ina chumba chake chenye zulia jekundu, na bamba la marumaru lililoandikwa tarehe ya uzinduzi ni kubwa kuliko kompyuta yenyewe. Ndani yake mna diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka huku sindano ndogo ikiisoma, na katika diski hiyo moja imetunzwa historia ya kazi ya kila mtumishi wa serikali, kuanzia makatibu wakuu hadi wafagizi. Mafaili ya karatasi yalichomwa moto katika hafla iliyofana. Mzinduzi Mkuu mwenyewe aliwasha kiberiti, na moto ule ndio mradi pekee wa mwaka huo uliokamilika kabla ya muda.

Suala la kuweka nakala liliwahi kuulizwa. Jibu lilikuwa kwamba kuweka nakala ya kitu kisichoharibika ni matumizi mabaya ya fedha za umma. Aliyeuliza alihamishiwa kaskazini, akalinde kisima.

Basi siku moja diski ikaanza kulia. Mwanzoni haukuwa mlio mkubwa. Ilikuwa kra, kra, kisha kimya, kisha kra, kama mtu anayetafuna mahindi makavu kwa meno machache. Wa kwanza kuusikia alikuwa Vumilia Ngonyi, Afisa TEHAMA wa masjala, mwanamke mwenye digrii mbili, watoto wawili na mdomo mmoja uliofanya kazi ya watu kadhaa. Alimwita bosi wake, Msajili Mkuu, Mzee Fabiani Kitojo.

"Mzee, hii inakufa," alisema Vumilia.

Kitojo aliinuka, akafunga mlango. "Sema inapumzika."

"Ingekuwa inapumzika isingelia. Inakufa."

"Vumilia, tafadhali. Hata hizi kuta zilizinduliwa. Dawa yake ni nini?"

"Nyepesi. Tunanunua diski mpya, tunahamisha kila kitu, hii tunaitoa. Kazi ya mchana mmoja. Ukienda kula, ukirudi nimemaliza."

"Na tukiitoa, tunasema imetolewa kwa sababu gani?"

"Imeharibika."

"Nani kaihujumu?"

Vumilia aliitazama dari, ambayo pia ilizinduliwa. "Umri," alisema.

"Umri hauna namba ya kitambulisho. Watamkamata vipi?"

"Sawa, Mzee. Basi tuiache. Siku moja utaiwasha, haitaamka, na kila mtumishi wa nchi hii atakuwa hajawahi kufanya kazi. Na wewe ukiwemo."

Hapo ndipo jambo lilipomgusa Kitojo. Alikuwa astaafu mwisho wa masika. Mkewe, Mama Chausiku, alikwishatangulia kijijini, ambako walikuwa wamechimba bwawa na kupanda perege. Kitojo alichagua samaki baada ya kufikiri sana. Kuku huwika, mbuzi hulia, na wageni wa masjala hulia kuliko wote, lakini samaki hana sauti na haandiki barua ya kukumbushia barua yake ya awali. Mtu huyu hakutaka kingine duniani ila kukaa kwenye kigoda kando ya maji yaliyotulia, pamoja na mkewe, na asiulizwe kitu.

Lakini ili mtumishi wa nchi hiyo astaafu, lazima awe na Muhtasari wa Utumishi uliochapishwa na kompyuta ya masjala. Nao huchapishwa siku ya mwisho ya kazi, si kabla, kwa kuwa kabla ya hapo utumishi unakuwa haujaisha na muhtasari utakuwa wa uongo. Mtumishi ambaye jina lake halimo kwenye mashine huhesabiwa kuwa ameajiriwa siku hiyo hiyo. Mwalimu mmoja wa jiografia, ambaye jina lake lilirukwa kwa bahati mbaya, aliajiriwa upya akiwa na wajukuu. Alipelekwa kwenye semina elekezi ya walimu wachanga, akaelekezwa na aliyekuwa mwanafunzi wake.

Kwa hiyo hesabu ya Kitojo ilikuwa hivi. Diski ikibadilishwa, yeye ni mhujumu. Diski ikifa, yeye ni kijana anayeanza kazi.

Alifanya kile ambacho mtumishi yeyote mwenye busara hufanya akibanwa pande zote mbili. Aliomba mwongozo. Aliandika sentensi moja kwenda wizarani: "Diski inatoa sauti, naomba mwongozo." Hakusema sauti ni nzuri wala mbaya. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika sentensi yenye maoni, na ndiyo maana alifika alipofika.

Mwongozo ulikuja na miguu yake. Katibu Mkuu wa wizara, Dakta Bonaventura Lwiza, aliunda Kamati ya Kitaifa ya Kutathmini Mlio, akajiteua kuwa mwenyekiti, akafika masjala na wajumbe wake katika msafara wa magari, ingawa wizara iko ng'ambo ya barabara. Walivua viatu kwa heshima ya zulia. Dakta Lwiza alisimama mbele ya kompyuta, akafumba macho, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa.

Diski ikasema kra.

"Mnasikia?" aliuliza.

"Tunasikia, Dakta," walijibu wajumbe.

"Mnasikia nini?"

Wajumbe walitazama soksi zao. Mwishowe mwanasheria wa kamati alijitolea. "Tunasikia unachosikia wewe, Dakta."

"Ni sindano inakwaruza sahani," alisema Vumilia kutoka mlangoni.

Dakta Lwiza alifumbua jicho moja. "Binti, umewahi kuona trekta likilima?"

"Nimewahi."

"Lilikuwa kimya?"

"Hapana, ila trekta halina..."

"Mashine ya kusaga unga iko kimya? Ndege ya Mheshimiwa ikiruka iko kimya? Bunge likifanya kazi liko kimya?"

"Bunge ndiyo, mara nyingi wamelala," alisema Vumilia.

Kitojo alikohoa kwa nguvu, na kikohozi hicho kikaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao kama mchango wa Msajili Mkuu.

"Ndugu wajumbe," aliendelea Dakta Lwiza, akianza kupaza sauti taratibu, kama viongozi wanavyofundishwa, "tunachokisikia hapa ni jasho la teknolojia. Chombo hiki kinabeba historia ya taifa zima. Kinahema. Kinajituma. Kinatoa ushahidi wa wazi, unaosikika hata kwa asiyesoma, kwamba uzinduzi ule haukuwa wa bure. Mlio huu ni bidii. Napendekeza bidii hii isiguswe na mtu yeyote."

Wajumbe walipiga makofi. Kisha uso wa Dakta Lwiza ukabadilika. Wazo lilikuwa limemfikia, jambo ambalo hakulizoea.

"Kompyuta ya ofisini kwangu," alisema polepole, "haijawahi kutoa sauti."

Mjumbe mmoja alisogea hatua kutoka kwa mjumbe mwenzake. Mhasibu wa wizara alinyoosha mkono haraka. "Ya kwangu inavuma, Dakta. Kidogo."

"Inavuma vipi?"

"Ukiweka sikio."

Wiki iliyofuata ulitoka waraka. Uliagiza kwamba kompyuta zote za serikali zisikike zikifanya kazi, na kwamba mtumishi ambaye chombo chake kiko kimya aeleze kwa maandishi kinafanya nini.

Sitayaeleza yote yaliyofuata, kwa sababu mengine msomaji atadhani nimeyatunga. Wizara ya Fedha ililegeza skrubu za kompyuta zake zote. Wizara ya Afya ilitia karanga kwenye feni. Posta iliweka mtu nyuma ya kaunta wa kutwanga kahawa, akapewa cheo cha Mchambuzi wa Mifumo. Maktaba ya Taifa iliomba isamehewe, ikajibiwa kwamba hakuna aliye juu ya waraka. Idara ya Takwimu ilichapisha jedwali la kelele kwa kila mkoa, na mkoa uliokuwa wa mwisho ulipelekewa matarumbeta ya dharura. Kwa Dakta Lwiza mwenyewe, katibu muhtasi wake alifunga kijiko cha chai kwenye feni ya kompyuta, na wageni walioingia walishindwa kumsikia anachosema. Wengi waliona utendaji wake umeimarika.

Vumilia alizungushwa wizara hadi wizara kutoa ushauri wa kitaalamu.

"Dada, hii ya kwetu inalia vizuri?" walimuuliza.

"Inalia kama imefiwa."

"Ahsante sana, dada. Tunaweza kuliandika hilo?"

"Andikeni."

Wakati huo, masjala, diski iliyoanzisha yote haya ilizidi kudhoofika. Zamani historia ya mtumishi ilifunguka kabla hujamaliza kutamka jina lake. Sasa iliombwa asubuhi ikaja mchana, na wakati mwingine ilikuja nusu. Kisha majina yakaanza kupotea. Yalikuwa yameingizwa kwa mpangilio wa alfabeti ya majina ya ukoo, na sindano ilikwaruza kwa mpangilio huo huo. Ndicho kitu pekee katika masjala kilichofuata utaratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaondoka akina Abeli na akina Anyosisye, ambao waliitwa mmoja mmoja, wakapongezwa kwa kujiunga na utumishi wa umma, wakaanza kipindi cha majaribio. Wakaondoka akina Bushiri. Wakaondoka akina Chambo na akina Dotto. Kila asubuhi Kitojo aliuliza, "Tumefika wapi?" na Vumilia alimtajia herufi.

Asubuhi waliyofika G, simu ya Kitojo iliita. Alikuwa Mama Chausiku.

"Baba Chausiku, samaki wanakuulizia."

"Waambie mwezi ujao."

"Mwezi uliopita niliwaambia mwezi ujao. Sasa wananitazama vibaya. Na hiyo kelele ni ya nini? Uko kwenye mashine ya kusaga?"

"Niko ofisini."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ndiyo serikali."

Alimweleza. Alimweleza kwa mpangilio: sheria, diski, kamati, herufi. Mama Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa ameolewa na masjala muda mrefu na alijua kwamba ukimkatisha anaanza upya.

"Sasa nisikilize mimi," alisema. "Tangu nikujue hujaharibu hata kijiko. Hujawahi kuvunja glasi. Na leo unaogopa watu watasema umeharibu. Haribu kidogo, mume wangu, uje nyumbani."

Kitojo aliweka simu chini. Nimejitahidi kujua alifikiri nini muda ule, lakini hakuna rekodi. Ninachojua ni kwamba alitoka, akaenda mjini, akanunua diski mpya kwa pesa yake mwenyewe, akarudi nayo ameiweka ndani ya mfuko wa maandazi, na juu yake maandazi.

Walisubiri siku ya Tamasha la Mlio, ambapo wizara zote zilikwenda uwanjani kushindanisha kompyuta zao, na jengo likabaki tupu. Vumilia alifungua kompyuta, akaunganisha diski mpya pembeni ya ile ya zamani, akaanza kuhamisha. Majina yalipita kwenye kioo. Ya herufi za mwanzo yalikuwa yamekwisha kupotea na hayakurudi, lakini kuanzia H yalikuja, kwa shida, moja moja, kama wazee wanaoshuka ngazi.

"J imeisha," alisema Vumilia. "Tunaingia kwako."

Kasiga akapita. Kibua akapita. Kilindo akapita. Kisha jina la Kitojo likatokea, na kila kitu kikasimama. Diski ilisema kra, ikasema kra tena, ikanyamaza.

"Mbona imesimama?"

"Inasoma."

"Inasoma nini muda wote huo? Mimi sijafanya mambo mengi."

"Mzee, usiongee." Vumilia aliigonga diski kwa kifundo cha kidole, kitendo kisichofundishwa katika digrii yoyote kati ya zile mbili. Sindano ikaruka. Kitojo akapita, mzima, na ajira yake yote na uhamisho wake wote na likizo zake zote ambazo hakuwahi kwenda. Nyuma yake akafuata Lwiza, kisha nchi nzima mpaka Z.

Vumilia alitoa diski ya zamani, akaifunga mpya mahali pake, akawasha. Ilifanya kazi mara moja. Ilikuwa ya aina ya kisasa, isiyo na sahani wala sindano, na haikutoa sauti yoyote. Wawili hao walisimama wakiisikiliza, na kadiri walivyosikiliza ndivyo walivyoogopa.

Ukimya ulitoka chumbani ukaingia koridoni. Watu wa kwanza kurudi kutoka uwanjani walipofika ngazini walisimama. Mlinzi alikuja mbio.

"Mzee Kitojo! Imenyamaza! Imekufa?"

"Inavuta pumzi," alisema Kitojo, akafunga mlango.

"Feni," alisema Vumilia. "Kuna feni ya kompyuta mbovu pale stoo. Tuiwashe, tuweke kitu kiguse mapanga yake."

Waliificha feni ndani ya kasha la kompyuta, wakakata kipande cha jalada gumu la faili, wakakibandika pembeni. Vumilia akawasha. Ikatoka trrrrr.

"Hapana," alisema Kitojo. "Hiyo inacheka."

Vumilia akasogeza kipande. Kak-kak-kak-kak.

"Hiyo ni cherehani."

"Basi weka wewe."

Kitojo hakuwahi kutengeneza kitu kwa mikono yake. Lakini alikuwa amekaa na mlio ule masika yote, akiuogopa, na mtu hujifunza vizuri anachokiogopa. Alipinda ncha ya kipande, akaisogeza unywele mmoja, akaikunja, akaikunjua. Feni ikasema kra, kra. Ikanyamaza. Ikasema kra.

Nje, mtu aliyekuwa akipita koridoni alisimama. "Afadhali," walimsikia akisema. "Nilidhani serikali imeanguka."

Kipande cha jalada kiliisha makali jioni ile ile, na asubuhi Kitojo alikata kingine. Vumilia alijaribu kujifunza. Alijaribu kila siku, kwa vipimo, kwa rula, hata kwa programu aliyoiandika mwenyewe ya kuendesha feni, na kila mara watu wa koridoni walichungulia wakauliza kama mashine inaumwa. Ule mlio ulimtii Kitojo peke yake. Hilo halikumsumbua. Alipanga kwamba siku ya mwisho atachapisha muhtasari wake, ataweka kipande kipya, ataondoka, na yatakayofuata yatafuata.

Siku ya mwisho ikafika, na pamoja nayo akafika Mzinduzi Mkuu.

Ilikuwa hivi. Dakta Lwiza alikuwa ameripoti kwamba mlio wa masjala, ambao zamani ulikuwa wa kukwaruza, siku hizi ulikuwa safi na wa kupangika, na kwamba wakati huo huo kasi ya kazi ilikuwa imeongezeka maradufu. Mzinduzi Mkuu akasema anataka kuusikia. Zulia likafuliwa, bamba likapigwa msasa, na bendi ya polisi ikaombwa isipige chochote.

Muhtasari wa Kitojo ulichapishwa mbele ya wageni. Ulitoka papo hapo, bila kosa hata moja, kurasa zote. Kitojo aliushika mkononi. Ungeweza kusema mtu huyo alikwishafika kijijini. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetazama maji.

Mzinduzi Mkuu alisimama mbele ya kompyuta, mtu mfupi, mpole, mwenye mkasi mfukoni. Alisikiliza.

"Nakumbuka nilipoizindua," alisema. "Ilikuwa kimya. Nilihuzunika sana, lakini sikusema. Sasa imepata sauti." Alifuta jicho, na wote waliokuwepo wakafuta macho yao. "Nani anaulea mlio huu?"

Dakta Lwiza alimsukuma Kitojo mbele.

"Wewe ndiye?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Naambiwa unastaafu leo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ukiondoka, mlio utabaki?"

Lilikuwa swali rahisi, na Kitojo alikuwa na majibu mawili. Akisema utabaki, angekuwa kwenye basi kabla ya magharibi. Kipande cha jalada kingedumu mpaka jioni. Kesho yake Vumilia angeweka chake, kingesema kak-kak-kak, watu wangekuja, wangefungua kasha, wangeona feni, wangeona diski ngeni, na wangeuliza swali lile moja.

Vumilia alikuwa nyuma yake. "Sema utabaki, Mzee," alinong'ona. "Mimi nitajitetea. Nina mdomo."

Kitojo aliutazama muhtasari mkononi mwake. Katika kurasa zote zile hapakuwa na maoni hata sehemu moja.

"Hautabaki, Mheshimiwa," alisema. "Nikiondoka utaisha. Ninaonelea nisiondoke."

Mzinduzi Mkuu aliguswa sana. Hapo hapo aliagiza utepe. Ukaletwa, ukazungushwa kiunoni mwa Kitojo mara mbili, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na Mzinduzi Mkuu akaukata kwa uangalifu, bila kugusa shati. Makofi yalipigwa. Kustaafu kwake kukaahirishwa mpaka mlio utakapokoma wenyewe. Muhtasari wa Utumishi ulichukuliwa kutoka mkononi mwake, ukatiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, uwe uthibitisho kwamba mtu mwenye uzoefu kama huu hawezi kuachiwa.

Wageni walipoondoka, Vumilia alikaa chini kwenye zulia.

"Mzee, unajua wale wa herufi A?" alisema. "Wametathminiwa. Wote wameshindwa majaribio. Wazee mno kwa ajira mpya. Wamerudishwa kwao jana, na gari la serikali."

"Kwa hiyo tungeiacha diski ife..."

"Ungekuwa bwawani mwisho wa mwezi huu."

Kitojo alilitafakari hilo kama anavyotafakari kila kitu, kwa mpangilio. "Usimwambie Mama Chausiku," alisema, kisha akampigia.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Maelezo yalipofika penye machozi ya wageni alicheka kidogo. Yalipofika penye swali la Mzinduzi Mkuu hakucheka.

"Huyo binti ana watoto?"

"Wawili."

Ilisikika akivuta kigoda, akaketi.

"Basi kaa," alisema Mama Chausiku. "Perege nitawavua Ijumaa, niwauze. Nitafuga kuku. Huku kumekuwa kimya mno kwa mtu mmoja." Kisha akasema, "Hebu weka simu karibu na hiyo mashine yenu, na mimi niisikie."

Kitojo aliilaza simu juu ya kompyuta. Mama Chausiku alisikiliza, huko aliko, na ilisikika nyuma yake sauti ya jirani anayeteka maji.

"Mbona inakatika?" aliuliza.

"Kipande kinaisha," alisema Kitojo, akavuta jalada jingine na kutafuta mkasi.